Kura ya Mfua Jezi

Jumanne usiku, baridi ya Julai ikiuma vidole,
tumeketi watu tisa chini ya bati la klabu,
Yarrimbool, mji wa ghala moja la ngano na pampu moja ya petroli,
na mezani pana sahani ya soseji zilizopoa
na jina moja.

Tully Schirmer.

Merv Liersch, mwenyekiti, anavua kofia kwanza:
"Tarkeela wanamtaka. Wanatoa mapacha wa akina Heffernan,
miaka kumi na tisa, mapafu ya farasi,
na juu yake taa nne za uwanja."
Taa nne! Glenys mweka hazina anafunga daftari
kama mtu aliyekwisha shiba.

Kwa msioujua mchezo wetu: mpira ni yai,
milingoti ni minne, watu kumi na wanane kila upande,
na katika hao yupo mmoja
anayepanda migongo ya wenzake
akaudaka mpira angani kama anayechuma tunda.
Mabao sitini na moja mwaka jana.
Watoto hukata nywele kama zake, wala haziwapendezi.

"Nguzo haiuzwi," anasema mzee Obst, "watu wangali ndani."
"Nguzo moja si nyumba," anajibu Kane, kocha,
kijana wa kalamu na michoro.
"Msimu ujao nani atakimbia? Wewe?"
Wanacheka. Obst hacheki.

Na mimi, Noelene, wa maji na sabuni,
miaka ishirini na sita nafua matope ya wana wa watu.
Nawajua kwa madoa.
Mwoga wa kuanguka, jezi yake hurudi safi mgongoni.
Aliyeachwa na mchumba husahau soksi moja.
Na tangu Mei, ndani ya bukta namba tisa,
nakuta bandeji iliyokunjwa kama barua.
Mwanzo fupi. Kisha ndefu. Jumamosi iliyopita
niliinyoosha kutoka mlangoni hadi kwenye mashine
na ikabaki.

Alinikuta nayo mkononi.
Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu
vilevile alivyotabasamu ana miaka saba,
siku alipoiba machungwa ya mapumziko.

Basi najua asichokijua Merv, wala Tarkeela:
goti lile limebakiza mechi za kuhesabu.
Leo bei yake ni ya dume. Septemba, bei ya ngozi.
Nyoosha mkono, Noelene, nilijiambia,
chukua mapacha, washa taa, nenda kalale.

Lakini Tarkeela si ng'ambo.
Ni kilomita kumi na nne.
Januari ile, moto uliporuka barabara
ukala ua wa Liersch na kondoo mia mbili,
gari la maji lililotangulia kufika lilikuwa lao,
na dereva hakuuliza tunashika nafasi ya ngapi kwenye ligi.
Nani humuuzia chungu chenye ufa
mtu anayezima naye moto?

Na nikiitaja sababu, nitakuwa nimemuuza Tully
kwa njia nyingine, bila hata taa.

Kura nne. Kura nne. Wananigeukia.
"Abaki."
"Kwa nini?"
"Basi tu."
Kane anagonga kalamu: "Mapenzi ndiyo yanayoua timu."
Glenys anafungua daftari tena,
anazifuta zile taa, moja, moja, moja,
ya nne anaikawiza.

Saa tano usiku nimo katika chumba cha kufulia.
Jezi zimekwisha anikwa, mistari yake inadondosha maji.
Bandeji naichemsha peke yake
na kuitundika nyuma ya tangi,
upande usioonekana kutoka barabarani.
Kesho nitaikunja, niirudishe mfukoni
pamoja na namba ya daktari wa mifupa.
Ataitupa. Namjua.

Wale mapacha, nasikia,
hupiga kwa miguu yote miwili.